JE, JITU LAWEZA KUSIMAMA?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Masanze, Kilosa)



Sote tumesikia hadithi za majitu. Watu wa pwani ya Kenya wanaye shujaa wao, Fumo Liyongo. Hadithi yasema hakuna silaha iliyomwua, ila sindano ya shaba kitovuni. Siku hizi vijana wetu wanaona kwenye video watu wanaokua ghafla wakawa warefu kama minazi. Hadithi ni tamu. Lakini sisi tunajua hesabu. Hebu tupime.

Chukua kiberiti kimoja. Sasa panga viberiti upate umbo lilelile, ila urefu mara mbili, upana mara mbili, na kimo mara mbili. Hesabu. Ni 8, siyo 2! Chini vimekaa 4. Basi kila kimoja cha chini kimebeba mwenzake.

Tuje kwa mtu. Mtu wa kilo 60 akikuzwa mara 10 kila upande, uzito wake ni 60 × 10 × 10 × 10. Ni kilo 60,000, yaani tani 60! Tembo dume mkubwa, kama wa hapo Mikumi, hufika tani 6. Basi ni tembo 10 juu ya miguu miwili! Lakini mfupa ukikatwa, uso wake umeongezeka 10 × 10, mara 100 tu. Mzigo umekuwa mara 1,000. Akipiga hatua, mguu utavunjika. Ndiyo maana tembo hana miguu myembamba kama ya swala.

Hesabu hiyohiyo hufika hata angani. Sayari ya Mshtarii twaiona usiku kama nukta, kwa kuwa iko mbali. Kumbe upana wake ni kama mara 11 ya dunia yetu. Dunia zipatazo 1,300 zingeenea ndani yake! Macho peke yake hudanganya.

Sasa turudi nyumbani. Tukijenga kihenge kikubwa mara mbili kila upande, mahindi yatakuwa mara 8. Nguzo nene mara mbili zabeba mara 4 tu. Kwa hiyo tuongeze na idadi: zilikuwa 4, ziwe 8. Tusipofanya hivyo, chakula cha mwaka kitalala matopeni.

Swali la kikundi: Kihenge kikiwa kikubwa mara 3 kila upande, mahindi yataongezeka mara ngapi? Pangeni viberiti, mhesabu wenyewe.