Serikali za Kaunti na Maziwa Yanayopanda: Hali ya Naivasha na Baringo

Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamekuwa yakipanda: Turkana, Baringo, Bogoria, Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilitaja ongezeko la mvua kuwa sababu kuu, pamoja na udongo unaosombwa kutoka nyanda za juu zilizofyekwa misitu na mienendo ya miamba ya bonde lenyewe. Ripoti hiyo, iliyohusisha pia Ziwa Victoria, ilikadiria kuwa karibu kaya 76,000 zilikuwa zimehamishwa na maji.

Mengi ya maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji. Naivasha hupokea Malewa na Gilgil, na maji yake hupotelea hewani na chini ya ardhi. Yakishaingia, hayaondoki upesi. Mafuriko ya mto huja usiku mmoja na kupungua baada ya siku chache, ilhali ziwa huisogelea nyumba kwa miezi na huweza kuikalia kwa miaka. Hapo ndipo penye tatizo la serikali ya kaunti, kwa kuwa mipango yake ya maafa ilitungwa kwa ajili ya mafuriko ya mto.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa ngazi zote mbili za serikali jukumu la kukabili maafa. Usimamizi wa rasilimali za maji uko kwa serikali ya kitaifa. Mipango ya ardhi, nyumba na mitaro ya maji ya mvua iko kwa kaunti. Kifungu cha 62 nacho kinahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma inayosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mtu aliyesimama ndani ya maji hadi magotini hana haja na mgawanyo huo, ila ndio unaoamua nani atakayemletea lori.

Mtaa wa Kihoto, kando ya mji wa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, unaonyesha mambo yanavyokwenda. Maji yaliingia mwaka 2020, na mwishoni mwa 2025 wakazi walilazimika kutolewa kwa mashua. Katika mtaa wa namna hii, dalili ya kwanza haionekani mlangoni. Choo cha shimo hujaa kabla maji hayajafika uani, kisha sakafu huanza kutoa unyevu, na kisima huchanganyika na uchafu. Hatari ya kipindupindu hutangulia hatari ya kuzama. Wapangaji huhama mapema. Mwenye nyumba hubaki, maana mali yake yote iko pale. Kaunti inayongoja maji yafike dirishani ndipo ipeleke malori na mahema huwa imechelewa kwa wiki kadhaa, na wakati huo ndio ambao maafisa wa afya wangefunga vyoo na kuleta maji safi kwa gharama ndogo.

Fedha nazo zina kizingiti chake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini kwa mahitaji ya haraka yasiyotarajiwa. Ziwa ambalo limepanda machoni pa watu kwa zaidi ya miaka 10 ni vigumu kuliita jambo lisilotarajiwa. Mahali pake ni katika bajeti ya kawaida na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ambako linashindania fedha na barabara na zahanati.

Baringo gharama zimekuwa za aina nyingine. Karibu na Kampi ya Samaki na Salabani, maji yalimeza malisho ya jamii ya Ilchamus, shule na huduma za afya, na kuleta mamba na viboko karibu na makazi. Hapo hema halitoshi. Walimu, dawa na nguzo za umeme lazima vihamie walikohamia watu, na jamii inayowapokea ikubaliane nao kuhusu malisho, la sivyo ugomvi huanza.

Suala gumu kuliko yote ni hatimiliki. Wengi walionunua ploti Kihoto wana hati, na wanauliza ilikuwaje ardhi ya ziwa ikauzwa kwa muhuri wa serikali. Kanuni za Maji za mwaka 2007 zilipima ukingo wa hifadhi wa ziwa kuwa mita 2 za kwenda juu au mita 30 za mlalo, kutegemea kipi ni kidogo, kutoka alama ya juu kabisa ya maji iliyorekodiwa. Ziwa likipanda, alama yenyewe huhama na kuingia ndani ya ploti zenye hati. Fidia ya kawaida hulipwa pale serikali inapoitwaa ardhi, na hapa aliyeitwaa ni ziwa. Kubadilishana ardhi kungefaa zaidi kuliko hundi, lakini kaunti haiwezi kugawa ardhi ya umma ya kitaifa.

Lililo mikononi mwa kaunti ni kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Naivasha ilishuka sana mwaka 2009 na huenda ikashuka tena. Maji yakirudi nyuma, ploti za Kihoto zitakauka na wanunuzi watafika. Kama zuio la ujenzi halijaandikwa kwenye rejista ya ardhi kabla ya siku hiyo, hakuna kitakachomwonya mnunuzi mgeni.