Motokari-nyumba, na nusu yake inayobaki barabarani

Maneno ya mwanachama wetu mmoja mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Kamina. Tunayachapisha yote, juu ya wanachama walioshindwa kufika na juu ya marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.



Nimeombwa kuzungumza juu ya safari ambayo mimi na bibi yangu tuliifanya katika motokari-nyumba, pembeni ya bahari ya Atlantiki, kule kaskazini-magharibi ya Ufaransa. Siyo kwa kuwafurahisha tu. Mnajua barua iko pale mezani. Marafiki wetu wa Ubelgiji wanataka kututumia motokari ya namna ileile, iliyotumika tayari, ili muuguzi azunguke nayo vijijini, upande wa Kaniama na upande wa Bukama. Leo mchana tutapiga kura. Komite ilisema: kabla ya kura, tuwasikilize wale waliokwisha kulala ndani yake. Basi nitasema tuliyoyaona, kisha nitasema ninavyofikiri.

Kwanza, hiyo motokari ni kitu gani? Ni kamioneti ya mazuti, na mgongoni imefungwa nyumba ndogo. Yetu ilikuwa na urefu wa metre karibu 7 na kimo cha metre karibu 3. Ndani kuna kitanda, meza, jiko la gazi, frigo, choo na mahali pa kuoga. Chini kuna tanki ya maji safi, litre 100, na tanki nyingine ya kupokea maji machafu. Juu kuna paneli ya jua inayojaza batri ya volti 12, juu ya taa na pompi ya maji. Choo kina sanduku lake la litre karibu 20, unalivuta kwa mlango wa nje na kwenda kulimwaga. Shofere mwenye permi ya kawaida ya motokari ndogo anaweza kuiendesha, mradi uzito wote usipite tani 3 na nusu. Mshike hesabu hiyo, nitairudia.

Ilikuwa mwaka 2018, mwezi wa tano. Bibi yangu alikuwa amemaliza kazi yake ya kuhudumia wagonjwa, na tulikuwa tumekata shauri kurudi Kamina. Tukasema: tumekaa inchi za wazungu miaka mingi, tunajua kazini, stasiyo na duka, tuone angalau bahari yao kabla ya kuondoka. Tukakodi kwa siku 12, zaidi ya euro 100 kwa siku, mazuti mbali. Unga wa bukari tuliubeba, na sombe tulinunua Matonge, pale Brussels. Jiko la gazi halikuwa limewahi kuona mwiko wa bukari, lakini lilivumilia.

Siku ya pili tulifika Saint-Malo. Sisi watu wa bara, tunaojua Lomami na Lualaba, tunajua mto unapanda masika na kushuka kipwa. Pale bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Siku za nguvu, tofauti ya maji juu na maji chini inapita metre 12, kimo cha nyumba ya ghorofa nne. Asubuhi unaona mashua zimelala juu ya matope, mchana zinaelea. Karibu na hapo, kwenye mto Rance, wameziba mlango wa mto kwa ukuta wa metre 750, na tangu mwaka 1966 maji yanayoingia na kutoka yanazungusha mashini 24 za umeme, megawati 240 kwa jumla. Barabara inapita juu ya ukuta huo. Chombo kikubwa kikitaka kupita, daraja linainuka, na motokari zote zinasimama kungoja. Hakuna anayepiga honi. Hiyo nayo tuliishangaa.

Kutoka pale tulifuata pwani mpaka Roscoff, penye vitunguu vya rangi ya waridi vinavyojulikana mbali, kisha Brest, mji wa manowari, kisha Pointe du Raz, ncha ya mawe inayoingia ndani ya bahari. Hiyo sehemu ya inchi inaitwa Finistère, maana yake mwisho wa ardhi. Pale Raz zamani kulikuwa hoteli na maduka juu ya ncha yenyewe, na nyayo za watu zilimaliza majani mpaka udongo ukabaki wazi. Miaka ya 1990 walizibomoa hoteli, wakarudisha maduka na mahali pa motokari nyuma, mbali na ncha. Leo unaacha motokari, unatembea kwa miguu, na majani yamerudi. Upepo unataka kukuvua koti. Bibi yangu alisimama pale akaangalia upande wa kusini, akaniuliza: «Na Banana yetu iko pande gani?» Swali zuri, na nitalifikia.

Sasa jambo lenyewe. Kila jioni bibi yangu aliandika katika daftari: kilomita, mazuti, maji, choo, franga. Daftari tuko nalo. Tulitembea kilomita karibu 2,100, tukatumia litre karibu 230 za mazuti. Tulijaza maji mara tano. Tulimwaga choo mara sita. Hatukutoboa mpira hata mmoja.

Mara tano na mara sita: hapo ndipo siri yote. Litre 100 kwa watu wawili, mkioga na kuosha vyombo, zinaisha siku ya pili ao ya tatu. Kisha unatafuta kituo. Na kituo kipo! Karibu kila mji mdogo wa pwani ile umeweka mahali pa hizi motokari: robine ya maji safi, shimo la maji machafu lenye grili, mahali pa kumwaga choo, mara nyingine na umeme. Unatia sarafu kidogo, unajaza, unamwaga, unaenda. Gazi ikiisha, chupa unabadilisha kwenye stasiyo ya mazuti. Barabara ni lami, na njia zao kubwa za Bretagne hazilipishi hata franga moja ya kupita.

Ndiyo kusema, ile motokari inabeba nusu ya nyumba. Nusu nyingine iko barabarani: ni robine, shimo, lami, fundi, stasiyo, na mfanyakazi wa mji anayefagia kile kituo kila asubuhi. Mzungu anapotuma motokari, anatuma nusu anayoiona. Ile nusu nyingine hawezi kuitia ndani ya meli. Siyo kwamba anatuficha. Yeye mwenyewe hajawahi kuikosa, kwa hiyo hajui kama ipo.

Wazee wa reli walio hapa wananielewa haraka. Reli ilipofika Ilebo mwaka 1928 na kupita hapa kwetu, masinji ya moshi haikwenda kwa nguvu zake peke yake. Ilihitaji maji njiani, ilihitaji makaa, na makaa yalichimbwa Luena. Ilihitaji watu wa kuangalia vyuma na mbao za njia siku zote. Siku kazi ya njia inapolegea, hata masinji mpya kabisa inalala.

Sasa turudi kwa swali la mama pale kwenye ncha. Banana iko kwenye bahari ileile ya Atlantiki, kusini. Pwani yetu ni fupi, haifiki kilomita 50. Lakini barabara ya taifa namba 1 inaanzia palepale Banana, inapita Matadi, Kinshasa, Kananga, Mwene-Ditu na Kaniama, inafika hapa Kamina, na kuendelea Likasi mpaka Lubumbashi. Kwenye karatasi, sisi tuko kwenye barabara ya bahari. Kwenye udongo, kila mmoja hapa anajua masika inakuwaje. Mnajua kamio zinazolala siku tatu katika shimo moja. Mnajua wale wanaosukuma kinga zenye mafuta na makaa, wao wanapita.

Motokari-nyumba ingefanya nini pale? Nawaambia mambo manne.

La kwanza, tumbo lake liko chini, na nyuma ni ndefu baada ya magurudumu. Nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwenye mchanga ao matope, ile ya mbele inazunguka bure na ile ya nyuma inakwaruza.

La pili, uzito. Ukitoa uzito wa nyumba yenyewe, mara nyingi unabaki na kilo 300 mpaka 500 za kubeba kila kitu: watu, maji, gazi, madawa. Muuguzi, shofere, msaidizi, tanki iliyojaa, na tayari umefika.

La tatu, kuta zimetengenezwa kwa vipande vyepesi vilivyobandikwa kwa gundi. Vimetengenezwa kwa lami. Mtikisiko wa barabara yenye mabati ya udongo unafungua maungio, kisha mvua inaingia, kisha mbao za ndani zinaoza.

La nne, mashini. Zile za miaka hii ziko na chujio la moshi, na nyingi zinataka dawa ya maji inayoitwa AdBlue. Mazuti yenye salfa mingi yanaharibu hayo machujio, na AdBlue ikiisha, mashini ikizimwa inakataa kuwaka tena. Fundi wetu ni hodari, lakini hiyo ni kazi ya kompyuta.

Bibi yangu aliniomba niongeze la kwake, na yeye ndiye aliyefanya kazi ya wagonjwa. Anasema: njia ya kupita ndani ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Mama mwenye mimba ya miezi minane atapandaje ile ngazi? Mgonjwa wa kubebwa ataingia wapi? Na ile frigo ni ya siagi na bia. Chanjo zinataka baridi kati ya digri 2 na 8, usiku na mchana, bila kuyumba, na frigo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tusiseme tuko na frigo, kisha watoto wachomwe dawa iliyokufa.

Kuna ndugu aliyeniambia: «Basi tuiweke hapa uani isimame, iwe chumba cha kupimia wagonjwa.» Wazo hilo si baya, lakini tuhesabu safari yake. Kutoka Antwerp kwa meli mpaka Matadi ao Dar es Salaam. Ikipita Dar, ni Tanzania na Zambia nzima, tena upande wa kushoto wa barabara, mpaka Kasumbalesa, duane, Lubumbashi, kisha huku. Mtu atumie franga hizo zote ili tupate chumba cha gundi kinachooka juani? Kwa franga hizo, matofali ya kuchoma na mabati vinasimamisha chumba kipana, chenye mlango wa kuingia kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo ninaleta haya mbele ya kura.

Moja: tuwaandikie marafiki wetu barua ya shukrani ya kweli, na tuwaeleze mambo haya bila kuzunguka. Mtu anayetupenda anastahili kuambiwa. Kunyamaza, kupokea, kupiga picha, kisha kuacha motokari ife majanini, hiyo ndiyo dharau.

Mbili: kama wanakubali, waiuze kulekule, na bei yake ije ijenge ile nusu inayokosekana. Vituo vitatu vya kuanzia, kwenye njia ya muuguzi, mahali tutakapochagua pamoja na machifu. Kila kituo kiwe na paa, tanki la maji ya mvua, choo cha shimo, taa ya jua, na kisanduku cha vitu vyenye kufungwa. Muuguzi aende kwa moto, akute mahali pa kufanyia kazi na pa kulala.

Tatu: kila kituo kiwe na mtu wake na franga zake za mwezi, hata kidogo, za kufagia na kubadilisha robine. Kituo bila mfagiaji kinadumu masika moja. Hilo tusiwaombe wafadhili. Hilo ni letu, kwa mchango wetu.

Ndugu zangu, sisi wenyewe, ikiwa tulitoka Ulaya, Afrika Kusini ao Zambia, tulirudi na nusu ya nyumba: sanduku, diploma, mazoea. Nusu nyingine tuliikuta kwa watu: aliyetupa kitanda, aliyetuonyesha ofisi, aliyesikiliza uchungu wetu wa wiki za kwanza bila kucheka. Chama hiki kilizaliwa kwa kazi hiyo. Tunaijua kazi ya kituo, na ninaamini tunaweza kuifanya barabarani pia.

Daftari la safari nimeliacha kwa sekretere. Anayetaka kuhakikisha hesabu alisome kabla ya kura. Bibi yangu naye atakuwa pale chini ya mwembe kwa maswali ya frigo na chanjo. Mimi nitajibu ya mashini.