Piga Hodi Kwanza: Adabu ya Simu Katika Vikundi Vyetu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matuta ya fanya juu. Tutazungumza juu ya kitu kidogo kilicho mfukoni mwa karibu kila mmoja wetu, yaani simu. Labda mtu atauliza, "Simu nayo inafundishwa? Si hata mtoto anajua kubonyeza?" Ni kweli, kubonyeza tunajua. Lakini sisi tunaotembelea vikundi tumeona ya kwamba ugomvi mwingi siku hizi hauanzii mkutanoni. Unaanzia kwenye simu. Na kikundi kikivunjika, akiba ya watu wengi inaingia taabuni.

TULIKOTOKA

Wenye umri wanakumbuka. Zamani, ukitaka kumpigia mtu aliye Nairobi au Mombasa, ulisafiri hadi posta, ukapanga foleni kwenye kibanda na sarafu mkononi. Sarafu zikiisha, na maneno yameisha. Kwa hivyo mtu alipanga atakayosema tangu akiwa njiani. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1999, na tangu mwaka 2000 simu za mkono zikaenea kwa kasi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu ikawa pia mfuko wa pesa. Leo mwanachama aliye Masii, Wamunyu au Yatta hutuma mchango, huitwa mkutanoni na hupashwa habari ya kifo kwa kifaa hicho hicho kimoja.

Simu ilikuja haraka kuliko adabu yake. Hata hivyo, adabu yenyewe hatuna haja ya kuikopa mbali, tunayo nyumbani. Mtu akifika kwa jirani hasukumi mlango. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Akiingia husalimia, akauliza habari za watoto, za mifugo na za mvua. Ndipo aseme kilichomleta. Akikuta kuna wageni, anajua mwenyewe kwamba maneno mengine yatangoja siku nyingine.

Kwenye simu hatuna macho. Anayepiga haoni kama mwenzake yuko shambani, hospitalini, au ameketi mbele ya wakwe. Kwa hivyo adabu yote ya simu inatoka kwa neno moja: kwa kuwa hatuoni, tuulize kwanza.

MFANO KUTOKA KIKUNDI KIMOJA

Katika kikundi kimoja, mweka hazina alimpigia simu mama mwanachama wakati wa jioni. Simu ya mama huyo ilikuwa kuukuu, haisikiki mpaka iwekwe spika. Siku hiyo nyumbani kwake palikuwa na wazee waliokuja kwa mazungumzo ya mahari ya binti yake. Mweka hazina hakusalimia. Alisema, "Wewe mama, pesa za watu utaleta lini? Ama unangoja tuje na chifu?" Chumba kizima kikasikia.

Deni lenyewe lilikuwa limepita siku yake kwa wiki mbili tu. Mama aliuza mbuzi, akalipa yote, kisha hakukanyaga kikundini tena. Wanawake wengine wawili wakamfuata. Mweka hazina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu ya kufunga, na deni lilikuwa la kweli. Lakini aliingia bila hodi, na kikundi kikapoteza watu watatu kwa simu ya dakika moja.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Jitambulishe. Usimuulize mtu, "Unajua ni nani anaongea?" Anayepiga ndiye anayesema jina lake: "Habari ya jioni, mama. Ni mimi katibu wa kikundi." Ikiwa ni mume, mkwe au mtoto aliyepokea, msalimie kwa heshima ile ile, ujitaje, useme unamtafuta nani. Kukata simu kwa sababu umesikia sauti ya mume kumeleta vita katika nyumba nyingi bila sababu.

2. Uliza kama wakati unafaa. "Nimekupata mahali pazuri? Unaweza kuongea sasa?" Akisema yuko njiani au ana wageni, mwulize akupe saa, kisha upige saa hiyo. Kama mwenzako hakushika simu, usimpigie mara kumi mfululizo. Huenda yuko mtoni anachota maji mchangani, na simu iko nyumbani inachajiwa. Kwa mambo ya kawaida, tusipige kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Simu ya usiku inamwamsha mtu na hofu ya msiba, kumbe unauliza kiti cha kukaa kesho.

3. Mwenye shida ndiye anayepiga. Flashi si dhambi kwa mtu asiye na kredo, lakini moja inatosha, na si vizuri kumflashi mzee au mgeni wa kikundi. Kiongozi asiwaflashi wanachama ili wao ndio walipie simu ya kazi ya kikundi. Kikundi kitenge pesa kidogo za kredo kila mwezi, na mweka hazina aziandike katika kitabu kama matumizi mengine.

4. Mwenye kabambe naye ni mwanachama. Vikundi vingine siku hizi hutangaza mkutano kwa WhatsApp peke yake, halafu hutoza faini wasiofika. Wale wenye simu ndogo, ambao mara nyingi ni wazee na maskini zaidi, wanapigwa faini kwa tangazo ambalo hawakuliona. Katibu awe na orodha ya wasio na intaneti, awapigie ama awatumie ujumbe mfupi.

KUDAI DENI KWA SIMU

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi huumia.

Mnawakumbuka wakopeshaji wa programu za simu. Mtu alikopa shilingi elfu mbili, akachelewa, wao wakapiga simu kwa mwajiri wake, kwa shemeji yake, kwa kila mtu ambaye namba yake ilikuwa ndani ya simu yake. Watu waliaibishwa sana. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji hao. Zinawakataza kutisha watu, kutumia matusi, na kuwapigia watu walio katika orodha ya namba za mdaiwa kwa ajili ya deni lake. Kabla ya hapo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kusema kwamba habari za mtu, hata namba yake ya simu, si za kutumiwa ovyo.

Sasa tujiulize: jambo lililokatazwa kwa kampuni, mbona sisi majirani tulifanye? Kuandika jina la mdaiwa katika WhatsApp ya kikundi saa nne usiku ni kumwita mbele ya kijiji kizima akiwa amelala.

Njia nzuri ni hii. Mpigie mwenyewe, peke yake. Msalimie. Uliza kama yuko mahali pa faragha, kwa maana hujui spika iko wazi ama la. Kisha useme wazi bila kuzunguka: "Mama, malipo ya mwezi uliopita hayajafika. Kuna shida gani? Utaweza lini?" Andika tarehe atakayokupa. Akishindwa mara ya pili, mambo hayo yapelekwe kwenye kamati, ana kwa ana. Wadhamini wake wana haki ya kujulishwa kwa sababu walitia sahihi, lakini nao wajulishwe kwa utaratibu huo huo. Tusidanganyane: adabu haifuti deni. Pesa ni za kikundi na lazima zirudi. Lakini mtu aliyehifadhiwa heshima yake hulipa na kubaki, na aliyeaibishwa hulipa na kuondoka, ama huondoka bila kulipa.

HABARI YA MSIBA

Jambo lingine zito ni kifo. Kwa desturi yetu, habari ya kifo haikutupwa kama jiwe. Walitumwa watu wazima, wakafika, wakaketi, ndipo wakasema. Leo mama anashuka matatu na simu inalia: "Pole, tumesikia mtoto wako amefariki." Anaanguka hapo hapo barabarani.

Ukipewa kazi hiyo, kwanza hakikisha habari ni ya kweli. Kisha usimpigie mfiwa. Mpigie jirani, katekista, au dada yake aliye karibu, ukaombe waende wawili nyumbani. Ikiwa hakuna njia ila simu, mwulize yuko wapi na yuko na nani, umwombe aketi, na uombe kuongea kwanza na aliye naye. Usiseme mengi ya namna mtu alivyokufa. Na tangazo lisiingie katika WhatsApp yoyote kabla ya jamaa wa karibu kujua. Ni vibaya sana mjane kuipata habari kwa rambirambi za watu.

UPOLE SI UJINGA

Wakora nao wanajua kwamba sisi ni watu wa heshima. Wanapiga kwa sauti tamu, wanakuita "mama", wanasema umeshinda zawadi, au wametuma pesa kwako kimakosa. Wanategemea utaona haya kukata simu. Kata. Asiyejitambulisha kwa ukweli hakupiga hodi, na wewe huna deni la kumkaribisha. Namba ya siri haiambiwi mtu, hata akisema anatoka Safaricom, hata akiwa mwenyekiti. Mtu akidai ametuma pesa, angalia salio lako mwenyewe. Kama kweli zimeingia kwa makosa, usizitumie. Mwambie aombe kampuni izirudishe kwa utaratibu wake.

Na tukiwa mkutanoni, kanisani au matangani, simu inyamazishwe. Anayengoja simu ya mgonjwa amweleze mwenyekiti mapema, akae karibu na mlango, atoke nje polepole ikilia.

YA KUFANYA KIKUNDINI

Mkirudi, fanyeni igizo. Wawili wakae wamepeana mgongo wasionane. Mmoja adai deni vibaya, halafu arudie vizuri. Wengine wasikilize na kusema wameona tofauti gani. Kisha jadilini:

(a) Ni simu gani iliyowahi kumwumiza mwanachama wetu, na ingepigwa namna gani?

(b) Nani kati yetu haipati habari ya mkutano kwa wakati, na kwa nini?

(c) Je, tuandike katika katiba ya kikundi saa za kupiga simu, njia ya kudai deni, na watu wawili wa kupeleka habari za msiba?

Mkikubaliana, katibu aandike, na kila mmoja atie sahihi, tukianza na viongozi.