Begi la Shule Lisimuumize Mtoto

Leo tuzungumze kuhusu begi la shule.

Mpiga picha wa harusi akinunua begi la kamera, hutazama mikanda kwanza, maana atabeba mzigo huo kutwa. Sisi tukimnunulia mtoto, twatazama katuni iliyochorwa mbele!

Chagua lenye mikanda miwili mipana yenye sponji. Mkanda mwembamba hukata bega na kubana mishipa ya fahamu, ndipo mtoto analalamika vidole vimekufa ganzi. Usinunue kubwa eti akue nalo. Begi kubwa hushuka hadi makalioni na kumvuta nyuma, naye huinama mbele ili asianguke. Mvalishe pale pale dukani, ukaze mikanda. Kitako cha begi kikome karibu na kiuno.

Madaktari wengi wa watoto hushauri mzigo usipite asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 30 abebe kilo 3, zikizidi sana 4 na nusu. Muuza viazi sokoni ana mizani, mwombe akupimie. Vitabu vizito vikae upande wa mgongo. Na maji lita moja ni kilo nzima. Kama shuleni kuna maji safi, aende na chupa tupu.

Wengine husema begi zito huleta kibiongo. Hilo halijathibitishwa. Lakini maumivu ni ya kweli, na yakiendelea hata siku asizobeba begi, au ganzi isipoisha, mlete kliniki tumwangalie.

Wiki ijayo, minyoo. Kwaherini.