Mazungumzo: Shule Ndogo za Vijijini Zisifungwe kwa Hesabu ya Wanafunzi Peke Yake



Mtazamaji wa ramani ofisini aweza kuona shule mbili za msingi zilizo karibu huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, akapendekeza ziunganishwe ili walimu na madawati yatumike vizuri. Ramani hiyo haionyeshi makorongo yajaayo maji wakati wa masika, wala barabara kuu ya Arusha na Moshi, ambayo siku ya soko hufurika magari. Mtoto wa darasa la kwanza huvivuka vyote kwa miguu. Wakazi wa visiwani hawahitaji maelezo marefu: korongo lililofura ni sawa na mkondo wa bahari.

Shule nyingi za vijiji nchini zilijengwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Wananchi walifyatua matofali na kubeba mawe wenyewe. Daftari la mali huziandika shule hizo kuwa za halmashauri. Waliobeba mawe wana hesabu yao.

Udhaifu wa shule ndogo hutokana zaidi na fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 900 ikastahili 9,000,000. Yenye 120 ikastahili 1,200,000, kabla ya kutolewa fungu la vitabu. Watoto wakipungua, chaki hupungua matumizi. Paa linalovuja halipungui. Shule huchakaa, kisha uchakavu huo hugeuzwa kuwa hoja ya kuifunga.

Njia ya kati ipo, nayo ni shule shikizi, yaani tawi la shule mama lifundishalo madarasa ya chini karibu na nyumbani. Kati ya vyumba vya madarasa 15,000 vilivyotengewa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, vyumba 3,000 vilikuwa vya shule shikizi. Basi palipo na upungufu wa kweli wa wanafunzi, madarasa ya juu na yahamie shule kubwa, watoto wadogo wabaki kijijini.

Shauri la kuunganisha shule lifikishwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na sheria ya serikali za mitaa ya 1982 kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Muhtasari wake uwekwe katika jalada kabla ya saini yoyote kutiwa, ukieleza pia ni nani atakayewavusha watoto korongoni mwezi wa Aprili.