Baada ya Daraja, Kivuko cha Mwanafunzi

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, na siku hiyo ukakoma utumwa wa kungoja pantoni. Waliokuwa wakisafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na kwingineko wanajua ninachosema. Ungeweza kukaa ukingoni hata saa mbili ukitafuna mahindi ya kuchoma, mgonjwa yumo ndani ya gari, samaki wanaharibika. Sasa ni mwendo wa dakika chache juu ya maji. Daraja hilo lenye urefu wa kilometa 3 hivi limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na sijamsikia mtu mwenye akili timamu akisema kwamba fedha hizo zimepotea.

Lakini Kiswahili chetu kina neno moja lenye kazi mbili. Kivuko ni ile pantoni iliyokuwa ikivusha magari, na kivuko ni pale barabarani ambapo mtu wa miguu anapaswa kupita kwa usalama. Kivuko cha kwanza tumekipatia daraja. Mazungumzo ya leo yanahusu kile cha pili, na mwanafunzi anayekihitaji kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni.

Pantoni, pamoja na kero zake zote, ilikuwa kama askari wa trafiki asiyelala. Iliyashusha magari kwa mafungu. Fungu likishapita, barabara ya kutoka Busisi kwenda Sengerema ilitulia kidogo, mtoto akavuka, na mama mwenye beseni kichwani akavuka. Hivi leo hakuna fungu. Basi la abiria, fuso la dagaa, lori la mafuta linaloelekea Rwanda, kila moja linakuja kwa saa yake, na dereva haoni sababu ya kupunguza mwendo mpaka aone nguo nyeupe za trafiki mbele yake. Hata hizo nguo nyeupe, kama tujuavyo, madereva hupashana habari zake mapema kwa kuwashiana taa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Mkutano wa mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulitaka mwendo ushuke zaidi, uwe kilometa 30, mahali popote ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika. Tufanye hesabu kidogo, ya darasa la sita tu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakata meta 22 kila sekunde. Mtoto wa miaka saba, mwenye mkoba mgongoni na kidumu cha maji mkononi, anahitaji kama sekunde saba kuvuka lami. Kwa hiyo gari lililokuwa umbali wa meta 150 wakati anakanyaga lami, gari ambalo machoni pake lilikuwa bado dogo kule mbali, linamfikia kabla hajamaliza. Kwa mwendo wa kilometa 30, gari hilohilo lingekuwa bado halijamaliza hata meta 60. Hapo huna haja ya kumlaumu mtoto kwa uzembe.

Halafu kuna jambo ambalo sijalisikia likizungumzwa, nalo ni jua. Saa yetu ni moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, lakini jua halifuati saa ya serikali. Mwezi Januari jua huchomoza hapa Mwanza karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Linatoka saa moja kasoro dakika kumi hivi, na Februari linachelewa zaidi kidogo. Masomo huanza saa mbili, lakini kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anajua kwamba siku haianzi na masomo. Inaanza na namba. Mwanafunzi lazima awahi namba, afagie uwanja, amwagilie bustani, asimame mstarini. Anayekaa mbali anatoka nyumbani saa 11 na nusu, nyota zikiwa bado zinaonekana, amevaa sweta la bluu iliyoiva ambalo taa za lori haziwezi kulipambanua na giza lenyewe. Na Januari ndio mwezi ambao watoto wa darasa la kwanza wanaanza kwenda shule kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Tukumbuke msiba wa Karatu, Mei 6, 2017. Basi la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Taifa zima lilisimama, na ilistahili. Lakini anayegongwa peke yake saa 12 asubuhi akienda kuwahi namba hasimamishi taifa. Wanalia nyumbani kwao, wanalia darasani kwake siku mbili, kisha kitanda chake kinapewa mdogo wake.

Sasa, tunaambiwa nafasi hakuna. Hapa nitauliza kidogo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitenga hifadhi ya barabara kuu yenye upana wa meta 60, yaani meta 30 kila upande kutoka katikati. Kwa ajili ya meta hizo watu walipigiwa alama ya X ukutani na nyumba zikabomolewa. Barabara yenyewe, na mabega yake yote mawili, haifiki meta 15. Hivi katika meta zote zinazobaki zimekosekana mbili za kumlaza mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli njia yao, iliyoshindiliwa changarawe tu, nje ya lami, upande wa pili wa mtaro? Sidai zege wala vigae. Nadai njia ambayo mvua za masika hazitaigeuza bwawa.

Nimetaja baiskeli, na huku kwetu Usukumani baiskeli si mchezo wa watoto. Ndiyo iliyobeba pamba, mkaa, maziwa na wagonjwa. Zilipojengwa sekondari za kata kwa wingi, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, shule ilisogea kwenye kata, lakini kata ni pana, na watoto wengi walibaki na kilometa tano, nane, hata zaidi za kutembea. Mzazi mwenye uwezo anauza mbuzi na kumnunulia mwanawe baiskeli. Mwana anapanda, anaingia kwenye lami, na honi ya kwanza inayopigwa nyuma yake ina maana moja tu: toka! Anaserereka kutoka ukingo wa lami uliolika hadi kwenye kokoto. Akianguka kulia ni ajali, akianguka kushoto ni bahati.

Kwa msichana lipo la ziada. Baba anayeogopa lami humzuia binti yake baiskeli, hivyo binti anatembea. Anayetembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi atapewa lifti na kijana wa bodaboda. Lifti hiyo ina bei, na bei haitajwi siku ya kwanza. Wazazi na walimu wa kanda hii wanazijua vizuri mimba zilizoanzia juu ya pikipiki. Kwa hiyo tunapodai njia salama ya baiskeli, tunadai pia binti amalize kidato cha nne.

Je, yanawezekana haya? Dar es Salaam yamefanyika. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule ambazo watoto wake waligongwa mara kwa mara, likaweka matuta, vivuko na vijia vya miguu, na penginepo likahamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda uchochoroni. Geti tu! Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo hazikufanyiwa, ukakuta watoto wanaojeruhiwa wamepungua kwa takriban robo. Mwaka huohuo kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji.

Kwetu kikwazo kikubwa ni kutupiana mpira. Mzazi humwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humwendea diwani, na diwani hujibu kwamba barabara ile ni ya TANROADS, halmashauri haina mamlaka nayo. Ni kweli. Barabara kuu ni ya TANROADS, na za wilaya ni za TARURA tangu mwaka 2017. Lakini ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa, mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, na wabunge ni wajumbe. Humo ndimo madiwani wa Sengerema, Misungwi na Magu wanapaswa kuwatuma wabunge wao, wakiwa na orodha mkononi: shule gani, iko kilometa ya ngapi, geti linatazama wapi, watoto wangapi wanavuka. Orodha hiyo mwalimu mkuu anaweza kuiandika kwa asubuhi mbili akisimama barabarani na daftari.

Na la namba halihitaji bodi, wala mkandarasi, wala mkopo wa benki. Kamati ya shule ikikaa na walimu inaweza kukubaliana kwamba ufagiaji ufanyike mchana baada ya masomo, na mtoto wa mbali asichapwe kwa kungoja kupambazuke. Kikao hicho kinaweza kukaa kabla shule hazijafunguliwa Januari.