"Jambo": Kosa na Msamaha katika Futuhi ya Shule



Nilipowasilisha anwani ya mhadhara huu, mwenzangu mmoja wa idara aliniuliza kama nimechoka na mofolojia. Lilikuwa swali la mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na hukumu: kwamba filamu na vipindi vyepesi vya vijana wa shule ni vitu vya kupitishia wakati, wala havistahili kumshughulisha mtu anayekaribia kustaafu. Sijachoka na mofolojia, na nitairejelea kabla ya kumaliza. Swali ninalotaka kulijibu leo ni hili: kwa nini futuhi hizi, ambazo mavazi yake huchakaa upesi na misimu yake huchakaa upesi zaidi, huendelea kupendwa hata na watu walioiacha shule zamani?

Nianze na neno moja. Katika filamu ya Marekani iitwayo Mean Girls, iliyotoka mwaka 2004 kwa mswada wa Tina Fey, msichana wa miaka 16 aitwaye Cady anaingia shuleni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Amelelewa Afrika na wazazi wanaochunguza wanyama, nao ndio waliomfunza nyumbani. Siku zake za mwanzo shuleni, anapowaona wanafunzi weusi wameketi pamoja, anawasalimu: "Jambo". Wanafunzi hao ni Wamarekani. Kiswahili si lugha yao, na Afrika anayodhani ni kwao si kwao. Neno linakosa pa kutua.

Mtazamaji Mswahili hucheka mara mbili. Hucheka kwanza kwa sababu salamu imepelekwa kwa wasiohusika. Kisha hucheka kwa sababu salamu yenyewe ina walakini. Mwenye lugha husema "hujambo", na ndani ya neno hilo mna ukanushi: mtu huulizwa kama hana jambo, naye hujibu "sijambo", yaani hana. "Jambo" lililovuliwa kiambishi chake ni salamu ya watalii na ya wapokezi wa hotelini. Binti huyu, basi, amewakosea watu na ameikosea lugha kwa neno moja tu.

Hata hivyo hadithi haimtupi. Huo ndio msingi wa hoja yangu ya leo. Cady atakosea makosa makubwa zaidi ya hilo: atasengenya, atadanganya, atajifanya mjinga wa hisabati ili apendwe. Daftari la matusi ambalo yeye pia amechangia litatawanywa ukumbini na shule nzima itavurugika. Mwishoni, anapotawazwa malkia wa dansi ya shule, analivunja taji lake la plastiki na kuwagawia wenzake vipande. Anaporudi masomoni, bado ni mwanafunzi. Amekosa, amejulikana kuwa amekosa, na amesalia miongoni mwa watu. Hadithi hiyo iligeuzwa kuwa mchezo wa nyimbo katika kumbi za Broadway mwaka 2018, kisha ikarudi katika sinema mwaka 2024. Miaka 20 ni muda mrefu kwa kitu kinachoitwa chepesi.

Wahakiki wamekwisha kutupa zana za kulieleza jambo hili. Northrop Frye, katika kitabu chake Anatomy of Criticism cha mwaka 1957, alionyesha kwamba futuhi, tangu zile za Wagiriki na Warumi, ina umbo linalojirudia: kijana anataka jambo, mkubwa mwenye mamlaka anamzuia, vizuizi vinaporomoka, na jamii mpya inakusanyika katika sherehe ambamo hata wazuiaji hukaribishwa. Ukiliweka umbo hilo shuleni, halihitaji marekebisho mengi. Mzuiaji ni naibu wa mwalimu mkuu. Sherehe ni dansi ya kufunga muhula. Filamu ya Clueless ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Amy Heckerling, iliichukua riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1815, ikaihamishia katika shule ya matajiri wa Beverly Hills, na riwaya haikulalamika. Msichana anayejiona hodari wa kuwaunganisha wapenzi anagundua kwamba hakuujua hata moyo wake mwenyewe. Filamu inafungwa kwa harusi, lakini si yake: ni ya walimu wawili aliowakutanisha.

Lakini umbo peke yake halitoshi kueleza mapenzi ya watazamaji. Tulinganishe na tanzia. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14. Kwa umri angekuwa mwanafunzi wetu. Barua ya mtawa inachelewa, haimfikii Romeo, na vijana wawili wanakufa. Katika futuhi ya shule barua hupotea vilevile. Huangukia mikononi mwa mtu asiyefaa, husomwa kwa sauti mbele ya darasa, mwenye barua hutamani ardhi ipasuke. Kisha kengele inalia, na kesho yake anarudi darasani. Kosa ni lilelile. Tofauti ni kwamba huku kuna kesho.

Shule ndiyo mahali panapofaa zaidi kwa masimulizi ya namna hiyo, kwa sababu ina jamii kamili iliyofungiwa ndani ya uzio. Ina watawala na watawaliwa, viranja na wavunja sheria, gwaride la asubuhi na bwalo ambamo kila mtu anajua asikae wapi. Lakini ni jamii yenye tarehe ya mwisho. Kila aliyemo anajua kwamba siku moja atatoka. Kwa hiyo mtu mzima anayeitazama hatamani ujana tu, kama inavyodaiwa mara nyingi. Anatamani pia ule muda ambamo kosa lilikuwa sehemu ya ratiba.

Na sasa nirudi kwenye lugha. Katika Mean Girls yumo msichana mwingine anayejaribu kwa bidii kuliingiza neno jipya katika msamiati wa kundi lake. Analirudia kila apatapo nafasi, mpaka kiongozi wa kundi anampiga marufuku. Wenzangu wa kamati za istilahi watanielewa ninaposema kwamba nilimwonea huruma. Sisi tuliwapa watu "ngamizi", wakatushukuru, wakaenda zao na "kompyuta". Maneno hayaishi kwa amri. Huishi kwa kukubaliwa, na mara nyingi yanayokubaliwa ni yale yaliyoanza kama makosa.

Nichukue mfano wa nyumbani. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 2000, runinga ya Citizen ilionyesha kwa miaka mingi kipindi cha Tahidi High, kuhusu wanafunzi na walimu wa shule ya sekondari ya kubuni. Kiingereza, Kiswahili na Sheng vilikutana humo kama vinavyokutana katika mabweni yetu. Nawaomba mlitazame jina hilo. Tunasema "jitahidi", na tunasikia humo kiambishi "ji" cha kujirejelea, kama katika "jificha" au "jipenda". Lakini neno limetokana na Kiarabu "ijtahada", na ile "j" ni sehemu ya mzizi wake. Sikio la Mswahili lilikata neno mahali pasipokatika, likapata "tahidi". Vivyo hivyo "mtihani", kutokana na "imtihan": "m" ya mzizi ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata "mitihani". Na "kitabu" kilipata "vitabu" kwa njia hiyohiyo, ilhali "k" yake ni ya mzizi. Kwa hiyo mtoto anayejitahidi kusoma vitabu ili apite mitihani anaishi ndani ya makosa matatu ya uchanganuzi. Hakuna anayeyasahihisha. Lugha iliyasamehe zamani, kisha ikayafanya kanuni.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika mchezo mfupi wa kuchekesha kwa ajili ya burudani ya Ijumaa. Niliukuta ukipitishwa chini ya madawati. Ulikuwa umeandikwa kwa mchanganyiko wa Kiswahili na lugha ya mitaa ya Nairobi. Nikauchana mbele ya darasa, nikasema kwamba sitaruhusu Kiswahili kiharibiwe. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma ukurasa wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na mwalimu aliyesema "tafadhali" kabla ya kila kiboko. Mwalimu huyo nilikuwa mimi. Sikuuchana kwa sababu ya lugha. Niliuchana kwa sababu nilijiona, na sikuwa na ujasiri wa kucheka. Mpaka alipomaliza kidato cha nne sikumwona kijana yule akiandika tena kitu ambacho hakikuwa kazi ya darasani.

Yule naibu wa mwalimu mkuu wa kwenye filamu, mzuiaji anayeanguka matopeni huku ukumbi ukishangilia, hukaribishwa karamuni mwishowe. Mimi nilijinyima mwaliko huo, na kijana nikamnyima kesho ambayo futuhi humpa kila mkosaji.

Isidhaniwe kwamba nazisifu futuhi hizi bila kiasi. Msamaha wake haugawanywi sawa. Sixteen Candles ya John Hughes, ya mwaka 1984, ilimfanya mwanafunzi kutoka Asia kuwa kinyago cha kuchekwa tu, na leo ni vigumu kuitazama bila aibu. Hata katika salamu niliyoanza nayo, Cady anapewa filamu nzima ya kujirekebisha. Wale waliosalimiwa hawapewi hadithi. Msomi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kwa nini neno letu moja liliingia humo kama alama ya ugeni tu. Lakini dawa ya kicheko kisicho na haki si kimya. Ni wale waliokuwa wakichekwa kupewa kalamu, na kuachwa waandike kwa lugha waliyo nayo, pamoja na makosa yake.

Walimu tunapenda methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli, ila mkunjaji akizidisha nguvu humvunja samaki. Wahenga hao hao walisema pia kosa moja haliachi mke. Nadhani methali hii ya pili ndiyo inayowarudisha watazamaji kwenye futuhi ya shule, kizazi baada ya kizazi.

Kama yule mwandishi wa kidato cha tatu yuko mahali anaponisikia, namwomba radhi. Na nyinyi walimu mlio hapa, mkikuta karatasi chini ya dawati, isomeni mpaka mwisho.